Mashua Iko Tayari, Mbona Bado Iko Ukingoni?



Ndugu msomaji, Uislamu umetufundisha kujiandaa kabla ya jambo, na umetufundisha kumtegemea Allah katika jambo. Je, ni lini maandalizi yanakuwa ibada, na ni lini yanakuwa kisingizio cha kutoanza?

Swali hili limetushughulisha muhula mzima kwa sababu ya mwenzetu mmoja. Tangu mwaka wa kwanza amepanga kusafiri kwa mashua ya tanga katika Nile ya Albert, kutoka Pakwach kuteremka hadi Laropi. Si ndoto ya mchana. Maporomoko ya Murchison yako juu ya sehemu hiyo, na yale ya Fula yako mbele yake, ng'ambo ya Nimule. Katikati mto ni mpana na unapitika. Mashua ipo, tanga lipo, na vijana wawili wa kufuatana naye wapo. Lakini kila likizo ikifika, safari inaahirishwa. Baadhi yetu wanasema hana tawakkul. Wengine wanasema ana busara, kwa kuwa mto una viboko na mamba, na upepo hauna ahadi na mtu.

Mimi naona pande zote mbili zimeharakisha kuhukumu. Tutazame kwanza safari iliyopangwa vizuri kuliko zote tunazozijua, yaani Hijra. Abu Bakr (R.A.) aliwalisha ngamia wawili kwa muda wa miezi minne wakiisubiri. Aliajiriwa kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu lakini alilijua jangwa. Na katika sira tunasoma kwamba Ali (R.A.) aliachwa Makka ili arudishe amana za watu, zikiwemo za wale wale waliokuwa wakimfanyia uadui Mtume (S.A.W.). Pamoja na hayo yote, maadui walifika hadi kwenye mlango wa pango la Thawr. Maandalizi yalikuwa kamili, na hatari ilibaki pale pale.

Hapo ndipo penye funzo. Maandalizi ya Hijra yalitimiza haki na kuchukua sababu. Hayakuwa maombi ya dhamana. Imam Ghazali naye, anapoeleza adabu za safari katika Ihya, anaanza na kurudisha dhulma, kulipa madeni, kuwaachia matumizi wanaokutegemea na kurudisha amana. Kabla ya kumuuliza msafiri kama ana ujasiri, anamuuliza ameshika haki ya nani.

Kwa kipimo hicho, kuchelewa kuna aina mbili. Ya kwanza ni kuchelewa kwa sababu ya haki ya mtu. Ikiwa fundi hajamaliziwa pesa za mbao, mashua isubiri. Ikiwa mama hajaridhia, akaliwe naye chini na kusemezwa kwa upole, kwani hata mtu aliyetaka kwenda jihadi Mtume (S.A.W.) alimrudisha kwa wazazi wake. Ikiwa wale vijana wawili hawana majaketi ya kuokolea maisha, nahodha hana ruhusa ya kuwaingiza majini kwa jina la tawakkul. Roho zao ni amana mikononi mwake. Kuchelewa huku kuna thawabu, inshaallah.

Aina ya pili ni kusubiri hadi moyo uhakikishiwe. Mtu amelipa, ameridhiwa, amenunua, na bado anasema si sasa. Ukimuuliza anasubiri nini, hana cha kutaja. Anataka Allah amwoneshe mwisho kabla ya mwanzo.

Mtu anaweza kupinga: je, nafsi yangu nayo haina haki? Qur'ani si imetukataza kujitupa katika maangamizi? Ni kweli, na kwa hiyo mashua inayovuja haiondoki. Lakini angalia tofauti. Tundu la mashua unaweza kulionesha kwa kidole, ukaliziba leo, na kesho ukaondoka. Hofu ya pili haina mahali pa kuzibwa. Ukiipa mwaka mmoja, itaomba wa pili. Mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Hakuambiwa akae amlinde ngamia maisha yake yote.

Nabii Nuh (A.S.) aliunda safina kwa mikono yake, huku watu wake wakimcheka. Lakini ulipofika wakati wa kupanda, aliwaambia waumini kwamba kwenda kwake na kutia nanga kwake ni kwa jina la Allah. Mbao zilikuwa kazi yake. Maji hayakuwa kazi yake.

Basi kila mwenye safari aliyoipanga muda mrefu, iwe ya mto, ya ndoa, ya elimu au ya Hijja, aandike kwenye karatasi kile kinachomzuia. Akiandika jina la mtu mwenye haki, aende akamtimizie. Akiandika tundu, alizibe. Karatasi ikibaki tupu, aseme Bismillah na afungue kamba.

Wabillahi tawfiq.