Danieli Aliomba Siku Kumi

Andiko: Danieli 1:8-16

Juma hili nataka tuongee juu ya barua ambayo baadhi yenu mmeipata, na wengine mnaogopa kuipata: kuanzia tarehe fulani, wafanyakazi wote warudi ofisini.

Mnakumbuka tulivyofika hapa. Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliwahimiza waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani inapowezekana. Ilianza kama dharura, ikawa maisha. Kuna aliyehama Nairobi akakae karibu na wazazi. Kuna aliyegeuza nauli ya matatu ikawa karo. Sasa barua moja inataka yote yarudi yalivyokuwa. Tafadhali usimwambie mtu kama huyo kwamba ni mvivu tu.

Nimesikia majibu ya aina mbili. Wa kwanza ananung'unika kwenye kundi la WhatsApp, bosi hamwambii neno. Wa pili anaenda ofisini, anatundika koti kwenye kiti, saa nne haonekani. Koti linafanya kazi, mwenyewe yuko mjini! Mpendwa, koti lako halijaokoka, wewe ndiye uliyeokoka. Ndiyo yako iwe ndiyo.

Danieli anatufundisha njia ya tatu. Kijana huyu alikuwa mateka Babeli, hana chama cha wafanyakazi wala wakili. Akapangiwa chakula cha mfalme, naye akaazimia moyoni kutojitia unajisi. Angalia alichofanya baada ya kuazimia. Hakugoma wala hakumwaga chakula chini ya meza. Aliomba.

Kwanza, pima amri yenyewe. Je, inakuchafua au inakusumbua? Chakula kile kilimgusa Danieli katika utii wake kwa Mungu. Kuamka saa kumi na moja alfajiri uwahi gari kunachosha, lakini si dhambi. Kwa hiyo usipande madhabahuni useme bosi wako ni Farao kwa sababu amekuitisha ofisini. Hata hivyo, kusumbuliwa si jambo dogo, na Mungu hakukukataza kuomba nafuu.

Pili, sikiliza hofu ya aliye juu yako. Mkuu wa matowashi alimpenda Danieli, lakini alimwambia wazi kwamba anamwogopa mfalme: vijana hawa wakikonda, kichwa chake kitaenda. Msimamizi wako naye ana mtu juu yake. Pengine wafanyakazi wapya hawana wa kuwafunza, au wateja wanalalamika simu hazishikwi. Muulize kinachomsumbua. Kuuliza si ujinga.

Tatu, omba kwa muda na kwa kipimo. Hapa ndipo ninapompendea Danieli! Hakusema, "Tuonee huruma." Alimwendea msimamizi aliyewekwa juu yao akampa siku kumi, chakula cha mimea na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za wenzao. Ombi la namna hiyo mtu anaweza kulikubali bila kupoteza kichwa. Nawe andika hivyo: "Naomba niwe ofisini Jumanne na Jumatano, siku nyingine nifanyie kazi nyumbani, kwa wiki nne. Mtanipima kwa ripoti hizi na hizi. Baada ya hapo tuketi tena." Ipeleke kabla ya tarehe ya kurudi, na ubaki na nakala.

Kabla ya kuandika, soma barua yako ya ajira. Imeandika mahali pa kazi ni wapi? Kama imesema ni ofisini, basi nyumbani ulikuwa umeruhusiwa kwa muda. Kama imesema nyumbani, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri ashauriane nawe anapobadilisha masharti kama hayo, na akujulishe kwa maandishi. Lakini usikae tu nyumbani kimya ukisema unangoja Bwana. Kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinahesabu kukosa kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa linaloweza kukufutisha. Ukikwama, ofisi ya afisa wa leba ipo.

Kuna dada katika ushirika wetu ambaye ameniruhusu nimseme bila jina. Mama yake husafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya kaunti, na yeye ndiye anayempeleka. Ofisi yake iko Nairobi, na barua imesema siku tano. Ameandika ombi lake kama la Danieli, ametaja siku za hospitali na siku atakazosafiri. Jibu bado. Linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa la. Sitawadanganya kwamba kila aombaye kwa hekima hukubaliwa.

Ikiwa jibu ni la, basi chagua mchana kweupe. Ukirudi, rudi mzima, si koti peke yake. Wakolosai 3:23 inatukumbusha tunamfanyia Bwana kazi. Ukiondoka, usitoroke kama Yakobo alivyomtoroka Labani. Labani alikuwa amembadilishia mshahara mara kumi, lakini kule kutoroka kulifanya akimbizwe siku saba. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wake unataka zaidi. Kabidhi kazi, aga watu, mlango ubaki wazi.

Nanyi waajiri mnaoketi viti vya mbele, Wakolosai 4:1 ni yenu. Nanyi mna Bwana mbinguni. Mama hapati yaya wa kuaminika kwa wikendi moja. Mtoto hahamishwi shule katikati ya muhula bila gharama. Yule msimamizi wa Babeli, mtu asiyemjua Mungu wa Israeli, alikubali kujaribu siku kumi. Je, wewe unayenena kwa lugha utashindwa?

Na sisi kanisa, tusiishie kusema "tutakuombea." Vikundi vya nyumbani, juma hili ulizaneni: nani ana gari lenye nafasi asubuhi? Nani anaweza kukaa na mgonjwa siku moja? Wanaotoka kaunti ya yule dada, nioneni baada ya ibada.

Tuombe. Bwana, wape watoto wako kinywa cha Danieli mbele ya wakubwa wao, na uwape wakubwa masikio. Jibu likija lolote, tukute mikono safi. Katika jina la Yesu, amina.