Mwendo wa Watoto na Mifugo

Tafakari ya juma. Somo la kusoma nyumbani: Mwanzo 33:1–17



Yakobo na Esau wamekutana baada ya miaka mingi ya uhasama. Wamekumbatiana na kulia. Esau, mwenye watu 400 nyuma yake, anataka waongozane njia moja, lakini Yakobo anakataa kwa upole. Anao watoto wadogo, anayo mifugo inayonyonyesha, na anajua kwamba kundi hilo likiswagwa mbio hata kwa siku moja tu litamfia njiani. Anamwomba kaka yake atangulie. Yeye atafuata nyuma kwa mwendo ambao watoto na wanyama wanauweza.

Mfugaji wa Kaikor, kwetu hapa Turkana, haelezwi aya hii mara mbili. Tunapohama kutafuta malisho, safari haipimwi kwa miguu ya kijana mwenye nguvu. Inapimwa kwa mbuzi aliyezaa jana na kwa mtoto aliyepakiwa kwenye kikapu cha punda. Aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayeamua tufike lini, na hakuna anayeona aibu kwa hilo.

Juma hili naomba tuipeleke hekima hiyo kwenye barabara kuu, ile inayotoka Kitale, ikapita Kainuk, Lokichar, Lodwar na Kakuma, hadi Lokichoggio na mpaka wa Nadapal. Sisi wa Kaikor hatuna lami mlangoni, lakini ile ya Lodwar ni yetu pia. Tunaifuata tukipeleka mgonjwa hospitali, tukipeleka watoto shule za bweni, tukipeleka mbuzi sokoni Kakuma. Swali linalosemwa sasa kila mahali ni kama viwango vya mwendo kwenye barabara kuu vibadilishwe. Wapo wanaosema lami mpya ipewe mwendo mpya. Mimi naamini kwamba kwenye vituo vyetu vya biashara kiwango hicho kishushwe, na nitaeleza kwa nini.

Wazee wetu wanakumbuka barabara hiyo ilipowekwa lami miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway. Baadaye ikachakaa, mashimo yakaila, hadi magari yakawa yanaiacha lami na kupita pembeni kwenye mchanga. Miaka hiyo hakuna aliyejadili viwango vya mwendo, kwa kuwa mashimo ndiyo yaliyokuwa yakisimamia sheria. Kisha sehemu yake kubwa ikajengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nasi tukamshukuru Mungu. Safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ikawa ya saa chache. Mama mwenye uchungu wa kujifungua akafika hospitalini akiwa hai. Samaki wa ziwani Kalokol wakafika sokoni kabla ya kuharibika. Hii ni neema, na sitaki mtu anielewe kwamba ninailaumu lami.

Lakini neema hiyo ilikuja na jukumu. Shimo lilipozibwa, kilichobaki kumzuia dereva ni sheria na dhamiri yake.

Sheria ya Kenya inasema ndani ya mji au kituo cha biashara mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Magari ya abiria na malori makubwa hayaruhusiwi kuzidi 80 popote. Wengi wetu tunazikumbuka Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilipoleta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu. Kwa muda nchi nzima iliona kwamba nidhamu inawezekana. Kisha usimamizi ukalegea, na baadhi ya wenye magari wakajifunza kuvichezea vidhibiti hivyo.

Hebu tusimame pamoja kando ya lami kwenye kituo kimoja. Mama ameegemeza magunia yake ya makaa hatua mbili tu kutoka kwenye lami, kwa sababu wateja wake ni hao wanaopita. Wahudumu wa bodaboda wamejikusanya chini ya mti. Kijana wa miaka kumi hivi anavusha mbuzi. Wa mbele wamekwisha kuvuka, wa nyuma wanasitasita, na mmoja amesimama katikati akitafuna karatasi. Upana wa lami ni kama mita 7. Mtoto akitembea kwa mwendo wa kawaida huhitaji sekunde 6 kuuvuka. Katika sekunde hizo 6, gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 170. Linalokwenda 50 hupita mita 83. Linalokwenda 30 hupita mita 50 tu. Kijana huyo anajua kusoma nyayo za fisi na kutambua mvua ikiwa mbali, lakini jicho lake halikuzoea kitu kinachokula mita 28 kila sekunde. Anaona gari liko mbali, anaingia, na tayari limefika.

Usiku mambo ni mabaya zaidi. Ngamia mweusi kwa giza haonekani. Kengele yake ya mti huisikia mchungaji, haisikiki ndani ya lori lenye muziki. Taa zikiwa za chini, dereva anaona mita 40 hadi 60 mbele yake, na kwa mwendo wa 80 anahitaji kama hizo zote au zaidi ili asimame. Maana yake anakimbilia mahali asipopaona.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Shirika hilo linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Hapa Kenya tunazika watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka. Tuliomboleza pamoja tarehe 30 Juni 2023, lori lilipopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuvamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria. Zaidi ya 50 walikufa. Walikuwa wakitafuta riziki kando ya barabara kuu, kama yule mama wa makaa.

Ndiyo maana mawaziri wa mataifa waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika kila siku, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, isipokuwa kuna ushahidi kwamba mwendo wa juu zaidi ni salama. Vituo vyetu ni mahali pa namna hiyo hasa. Soko, zahanati, shule, kisima na kanisa, vyote viko kwenye barabara moja.

Najua madereva mnaosoma hapa mna hoja zenu, na ni za kweli. Njia ni ndefu. Kati ya Kainuk na Lokichar kwa miaka mingi dereva alikanyaga mafuta kwa kuwaogopa majambazi, na anayeogopa risasi hawezi kulaumiwa kwa kukimbia. Tuendelee kuidai serikali usalama wa njia hiyo, ili hofu isiwe sababu. Lakini tufanye hesabu pia. Kituo cha urefu wa kilomita 2, ukikipita kwa mwendo wa 50, unatumia dakika 2 na nusu hivi. Ukikipita kwa 30, unatumia dakika 4. Ni dakika moja na nusu kwa kila kituo. Hata ukipita vituo vitano, hujapoteza dakika 10. Tunaweza kumtolea Mungu dakika 10 kwa ajili ya uhai wa watoto wake.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina sheria ambayo wafugaji tunaielewa. Ng'ombe dume akimpiga mtu pembe mara ya kwanza, mwenyewe hahukumiwi. Lakini kama dume huyo alijulikana kwa ukali wake, mwenyewe akaonywa, asimfunge, damu ya aliyeuawa iko juu yake. Mungu alitaka anayemiliki kitu chenye nguvu kuliko binadamu akifunge kabla hakijaua. Sisi tumekwisha kuonywa na makaburi yetu wenyewe. Hatuwezi tena kusema kila ajali ni mapenzi ya Mungu. Mungu hapendi mtoto avunjwe na lori kwa sababu mtu alikuwa na haraka.

Na dereva hatendi dhambi hiyo peke yake. Tunapopanda juu ya magunia ya unga kwenye lori la kuja Kaikor, ni sisi tunaogonga bodi tukimhimiza aongeze mwendo. Tajiri anayempangia dereva safari mbili kwa muda wa moja anashiriki. Askari anayepokea pesa na kufungua njia anashiriki. Na mzazi anayemwachia mtoto mdogo kundi kubwa karibu na lami, naye ajihoji.

Kibao peke yake hakitoshi. Mahali pa kuvukia watu na mifugo pawekewe matuta yaliyopimwa vizuri na kupakwa rangi, siyo rundo la mawe lililowekwa na vijana wenye hasira baada ya mazishi. Mamlaka ya Barabara Kuu na mamlaka ya usalama barabarani haziwezi kujua mifugo huvuka wapi tusipoziambia. Katiba inatupa haki ya kushirikishwa. Mkutano wa baraza ukiitwa, wachungaji wenyewe wasimame waseme.

Kwa juma hili naomba mambo matatu. Kila dereva wa parokia apite vituo vyote kwa 30, hata kama sheria bado inamruhusu 50 na hakuna askari anayemwona. Kila abiria amwombe dereva apunguze, kwa heshima na bila kunyamaza. Kila jumuiya ndogo ndogo iorodheshe mahali watu wake wanapovukia lami, na iniletee orodha hiyo baada ya Misa ili tuipeleke kwa chifu pamoja.

Tuombe. Ee Bwana, uwapokee wote waliokufa kwenye njia ya Lodwar na Kakuma, na uwafariji waliobaki na majeraha. Uwape madereva wetu macho yaliyo macho na moyo wa subira. Uwape viongozi ujasiri wa kutunga sheria inayomlinda aliye dhaifu, nasi utupe utii wa kuishika. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.