Dawa Kumpa Jirani

Enyi ndugu zetu Waislamu! Limeenea katika miji yetu jambo ambalo watu walidhania wema, nalo ni dhara. Mtu hushikwa na mafua, akanunua antibiotiki bila ya cheti cha daktari (na mafua hayaponi kwa dawa hizo!), kisha zilizosalia akampa jirani kwa kutaka thawabu.

Dawa hiyo huua vijidudu vilivyo dhaifu. Vilivyo sugu husalia, vikazaana, vikahamia kwa mtoto wa mwenzio ambaye hakuionja. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alilionya hili tangu 1945. Wataalamu wakadiria kwamba mwaka 2019 usugu huo uliua watu milioni 1.27 duniani.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na ametukataza kudhuriana. Basi kila mtaa na uchague watu waaminifu, na wanawake wawemo, kwani wao ndio wajuao yaliyomo makabatini. Waulize ni dawa zipi zatumiwa bila ya daktari, na ni zipi zisizoponya tena, wawapelekee habari maafisa wa afya. Majina ya wagonjwa wasiyataje.