Taa Iliyovunjika na Mfuko wa Wote

Wahenga walisema ajali haina kinga. Bima nayo haidai kuizuia ajali. Huahidi tu kwamba hasara yake haitamwangukia mtu mmoja. Kwa hiyo gari linapokwaruzwa, au taa inapovunjika bila mtu kuumia, swali linalotujia kwanza huwa la hesabu: nilipe mwenyewe au nidai bima? Lakini chini ya swali hilo liko jingine zito zaidi, nalo ni la utu: hasara hii, kwa haki, yapaswa kubebwa na nani?

Tuanze na hesabu, maana si ya kudharauliwa. Hapa Tanzania watu huzungumzia bima mbili za gari. Bima ndogo humlipa yule uliyemdhuru. Gari lako mwenyewe hailigusi. Bima kubwa hulishughulikia na lako pia. Lakini katika bima kubwa aghalabu ipo sehemu ya hasara ambayo mwenye gari huibeba mwenyewe kwanza. Tuseme sehemu hiyo ni shilingi 100,000, na fundi anataka 130,000. Utafuatilia taarifa ya polisi, utamngoja mkadiriaji wa hasara, na mwisho wa yote utapata 30,000. Tena mwaka unaofuata huenda ukakosa punguzo wanalopewa wasiodai. Ndiyo maana wengi humalizana kando ya barabara.

Hata hivyo hesabu haimalizi jambo. Wazo la kuchangia hasara ni la kale. Sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian na kutolewa mwaka 533 zilihifadhi kanuni ya mabaharia wa Rhodes: shehena ya mmoja ikitupwa baharini ili chombo kiokoke, wote ambao mali zao zimeokoka humchangia. Walikuwa ndani ya chombo kimoja, na kila mmoja alijua anamchangia nani na kwa nini.

Siku hizi tumo katika chombo kimoja lakini hatuonani. Ada yangu huingia mfuko mmoja na ya mwalimu wa Morogoro na ya muuza duka wa Tanga, nisiowajua. Kwa kuwa siwaoni, ni rahisi kudhani fedha zile hazina mwenyewe. Hapo ndipo husikika ushauri wa gereji: "Ongeza na ule mlango wa zamani, si bima inalipa?" Anayelipa si bima. Anayelipa ni yule mwalimu. Mwaka 1766, katika shauri la Carter na Boehm, Jaji Mansfield wa Uingereza alisisitiza kwamba mkataba wa bima hutaka nia njema: mwenye kujua jambo la maana asimfiche mwenziwe. Ukiondoa nia hiyo, mfuko hubaki kuwa shamba la bibi.

Liko jambo jingine linalonisumbua zaidi. Mikataba mingi ya bima ya gari ina sharti kwamba mwenye gari asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Sababu yake inaeleweka: si haki mtu mmoja aahidi fedha za wengine. Lakini aliyelelewa kwa adabu zetu hushtuka kulisikia. Nimekuvunjia taa, kisha nikae kimya kama gogo?

Naona jibu ni kutenganisha vitu viwili. Kilicho cha mfuko sina ruhusa ya kukiahidi. Kilicho changu hakuna mkataba unaoweza kukibeba: kusimama badala ya kukimbia, kumpa pole mwenzangu, kutaja jina langu, kueleza yaliyotokea kama yalivyotokea. Na hata nikiamua kutoa mfukoni mwangu, kampuni niiarifu kwanza, maana mkataba aghalabu hutaka hivyo. Jambo dogo la leo laweza kukua kesho. Pale ambapo sheria inataka polisi wajulishwe, wajulishwe pia.

Kuna wakati dereva wa teksi alirudi nyuma akaivunja taa ya gari langu lililokuwa limeegeshwa. Teksi haikuwa yake. Kila jioni alipeleka hesabu kwa tajiri. Akanisihi: "Mzee wangu, tusifike mbali, tajiri ataninyang'anya gari." Bima ya teksi ingeweza kunilipa, lakini madai yangepitia kwa tajiri. Bima yangu nayo, ikishanilipa, ingekuwa na haki ya kushika nafasi yangu na kuwadai wao. Basi niliiarifu kampuni yangu kwamba sidai, tukaenda pamoja kwa fundi Gerezani. Fundi akataja bei mbele yetu sote. Kijana alilipa taa kwa mafungu mawili. Ufundi niliubeba mimi.

Bei sikuitaja mimi, na hilo nilikusudia. Mwenye kudai akimtajia bei mtu mwenye hofu, hayo si mapatano tena, ni faini. Na hapa ndipo kumalizana barabarani kunapokuwa na hatari yake. Mwenye gari kubwa na mwendesha bodaboda wakigongana, mara nyingi ukubwa wa gari hugeuzwa kuwa ushahidi. Mnyonge hulipa si kwa kuwa amekosa, bali kwa kuwa hana wa kumsemea. Mapatano huwa ya haki pale tu ambapo aliye dhaifu anaweza kusema hapana asidhurike. Kama hawezi, basi polisi, mkadiriaji na makaratasi yote yale yanayotuchosha ndiyo kinga yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sisemi kwamba kudai ni uroho wala kwamba kulipa mwenyewe ni uungwana siku zote. Kipimo changu ni hiki: hasara inayoniuma tu niibeba mwenyewe, itakayonivunja mimi au mwenzangu ndiyo tuliyoiwekea mfuko, na kuidai si aibu. Mkataba waweza kunilipia taa ya mwenzangu. Kumtazama usoni na kusema kweli hubaki juu yangu.