Halali Peke Yake Haitoshi



Kila aingiaye katika Islam hukutana mapema na swali la chakula. Huuliza juu ya nguruwe, juu ya mzoga, juu ya mvinyo, naye hujibiwa upesi, maana mambo hayo yamewekwa wazi katika Kurani Tukufu. Baada ya hapo wengi huliona swali hilo kuwa limekwisha. Juzi ndugu mmoja, aliyeingia katika dini hii karibuni, aliniletea chupa ya kinywaji anachowanunulia watoto wake kila siku ya shule. Alitaka kujua kama rangi iliyomo yatokana na mnyama. Chupa ilikuwa na picha ya maembe, na kwa herufi kubwa iliandikwa kwamba ina vitamini C na humwongezea mtoto kinga ya mwili. Tukaigeuza tukasoma nyuma, mahali ambapo herufi ni ndogo kama sisimizi. Rangi ilikuwa halali. Hata hivyo sikuweza kumwambia kwamba swali lake limekwisha.

Katika Sura ya pili, aya ya 169 (kwa wasiohesabu Bismillahi ni ya 168), Mwenyezi Mungu anatuamuru tule vilivyomo ardhini vilivyo halali na vilivyo vizuri. Angalia kwamba maneno ni mawili. Angalia pia kwamba aya hiyo haisemi na waumini peke yao. Inawaita watu wote, hata wewe ambaye bado unachunguza. Halali ni kile kisichokatazwa. Kizuri, yaani *tayyib*, ni kilicho safi, chenye kufaa, kisichomdhuru alaye. Neno la kwanza tumelishika sana, na hilo ni jema. La pili tumewaachia wauza bidhaa watusomee.

Nao hulisomaje? Sheria za nchi nyingi hutaka vitu vilivyotumika viorodheshwe kwa uzito, kizito kikitangulia. Katika chupa ile ya kwanza yalikuwa maji, ya pili sukari, na embe lilikuja nyuma yao. Ilikuwa na gramu 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa nzima ya mililita 300 ina gramu 33, yaani vijiko vya chai vinane. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema yafaa sukari ya namna hiyo isizidi takriban gramu 25 kwa siku, tena kwa mtu mzima. Neno la vitamini C huenda ni la kweli. Lakini ukweli mdogo umewekwa mbele ili usiuone ukweli mkubwa ulio nyuma.

Huo ndio werevu wa biashara hii: mara nyingi hausemi uongo. Chupa ya mafuta ya alizeti hujisifu kwamba haina lehemu, yaani kolesteroli. Ni kweli, lakini lehemu hutoka kwa wanyama, na alizeti haikuwa nayo tangu ilipoota shambani! Mahindi yakikobolewa, kiini na pumba hutolewa, navyo ndivyo vilivyobeba mafuta, nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za jamii ya B. Kisha kiwanda huurudishia unga baadhi ya vilivyopotea, na mfuko ukaandikwa kuwa umeongezwa virutubisho. Siulaumu utiaji huo, maana umewafaa wengi, hasa mama wajawazito. Nashangaa tu kwamba anayerudisha sehemu ya alichochukua anataka kushukuriwa kama mtoaji wa zawadi.

Huko Marekani, mwaka 2009, tume ya serikali inayosimamia biashara iliikabili kampuni ya Kellogg. Matangazo yake yalidai kwamba nafaka yake moja ya asubuhi, iliyopakwa sukari, imethibitishwa kuongeza usikivu wa watoto kwa karibu asilimia 20. Tume ilieleza kwamba katika uchunguzi wenyewe ni mtoto mmoja tu kati ya tisa hivi aliyefikia kiasi hicho. Tena watoto hao walilinganishwa na wenzao waliokaa bila kufungua kinywa. Hata kiporo cha muhogo kingeshinda katika mashindano ya namna hiyo.

Katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alipita sokoni penye lundo la nafaka. Hakutosheka na sura yake ya juu. Akatia mkono ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua; akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu huo juu watu wauone, kisha akaambiwa kwamba adanganyaye hana sehemu naye. Mwenye nafaka yule hakuwa amesema neno lolote la uongo. Alipanga tu kipi kiwe juu na kipi kiwe chini.

Basi je, tukatae kila kilichofungwa kiwandani? La. Chumvi yenye madini joto imewaokoa watu wengi na rovu, nayo hutoka kiwandani. Wala cha asili si salama kwa kuwa ni cha asili: mwaka 2016 watu walikufa huko Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, mahindi ya kwetu kabisa, yaliyohifadhiwa vibaya. Mkono hutiwa katika kila lundo. Lakini ugali wa dona uliotokana na mahindi makavu, maharage, mchicha, dagaa, uji wa ulezi, hivyo vyote unaviona kwa macho yako na kuvinusa kwa pua yako, na hakuna aliyelipwa kuvisifu.

Ndugu yule sasa huwapa watoto wake maji yaliyochemshwa, na msimu ukifika, embe lenyewe. Yule mdogo, kanieleza, bado analilia chupa yake.