Miezi ya Iringa

Treni ya asubuhi kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam hubeba watu wa kila namna: wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa wenye barua za rufaa. Siku moja ilibeba mume na mke wa ushirika wetu waliokuwa katika maandalizi ya kuhamia Kanada. Mke alipakata bahasha ya kaki yenye pasipoti zao, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, na barua iliyowapa siku 30 za kufika kituoni kutoa alama za vidole. Huko Dar kazi yenyewe ilikuwa fupi. Vidole juu ya kioo, picha, risiti, basi.

Waliporudi na kunisimulia safari yao, habari za Dar es Salaam ziliisha haraka. Walichotaka kunieleza ni usiku mmoja wa wiki kadhaa kabla, walipokuwa wakijaza fomu sebuleni kwao. Wameniruhusu nikushirikishe, mradi nisiwataje.

Fomu ile humtaka mwombaji aeleze miaka 10 ya maisha yake: alikaa wapi, alifanya nini, mwezi hadi mwezi, bila kuacha pengo. Walijaza vizuri hadi wakafika mwaka ule ambao mke alirudi kwa wazazi wake Iringa, akakaa huko miezi kadhaa. Sababu wanazijua wenyewe. Baadaye wasimamizi wao wa ndoa na wazee wa kanisa waliwakalisha chini, wakapatana, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitaja tena miezi ile. Wote wawili walidhani kutoitaja ndiko kusamehe.

Mume akasita, kisha akasema, "Tuandike tu kwamba tulikuwa wote hapa Dodoma. Nani atajua?" Mke akanyamaza.

Sheria ya Kanada ni kali juu ya jambo hili. Anayebainika kutoa maelezo ya uongo anaweza kuzuiwa kwa miaka 5. Lakini sitaki tukae kwenye hofu ya adhabu. Nataka tuutazame ukimya wa yule mama, kwa sababu Biblia nayo ina mke aliyenyamaza mumewe alipokuwa akipanga maelezo ya kuvukia mpaka.

Soma Mwanzo 12. Abramu alitoka Harani akiwa na miaka 75, pamoja na Sarai mkewe, kwa kuitikia wito wa Mungu. Njaa ilipoingia Kanaani wakashuka kwenda Misri. Walipokaribia kuingia, Abramu akaogopa kwamba Wamisri wangemuua ili wamchukue mkewe, kwa kuwa alikuwa mzuri wa uso. Akamwomba Sarai aseme kwamba yeye ni dada yake. Mtu wa imani, aliyeacha nchi na jamaa kwa ajili ya neno la Mungu, alifika mpakani akaificha ndoa yake.

Ni nani aliyelipa gharama ya maneno yale? Abramu alipewa kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Sarai alipelekwa nyumbani kwa Farao. Sura ile haina hata neno moja kutoka kinywani mwake. Nasi hatujui alilia kiasi gani.

Mpendwa, je, kuna mahali ambapo hofu yako imemnyamazisha mtu unayempenda? Pengine hukukusudia ubaya. Abramu naye hakukusudia. Aliogopa tu, na mtu mwenye hofu huweza kuyapanga maisha ya mwenzake kana kwamba ni ya kwake peke yake.

Katika nyumba ile ya Dodoma, baada ya ukimya mrefu, mke alisema, "Andika, baba watoto. Andika Iringa. Nilikuwa kule, na Mungu alinirudisha." Mume akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu wapatane, akamwuliza miezi ile ilikuwaje kwake. Fomu iliachwa pale mezani. Walizungumza hadi usiku wa manane, na mambo ambayo kila mmoja alikuwa ameyabeba kimya yakasemwa, yakaombewa. Kesho yake jioni waliandika anwani ya Iringa, pamoja na tarehe zake.

Pengine utaniuliza: je, Paulo hakutufundisha kwamba upendo hauhesabu mabaya? Ndivyo alivyofundisha. Ila tuelewe upendo umeacha kuhesabu nini. Mwenye duka anapomsamehe mteja deni, hulipiga mstari katika daftari lake, wala halichani daftari. Ukurasa unabaki, na mteja anaweza kuusoma bila kuogopa, kwa sababu hadaiwi tena. Ndoa iliyosamehewa ni hivyo. Yaliyotokea yanatajika, na anayeyataja hatafuti malipo.

Utajuaje basi kwamba umesamehe? Jisikilize unapolitaja jambo lile. Je, unalitaja ili mwenzako apate kupona, au ili ushinde ubishi wa leo? Usiogope jibu lako. Kama bado linauma, Mungu hajachoka kufanya kazi ndani yako, wala hakuharakishi.

Nawaza pia juu ya wale wanaokwenda mbali. Hapa nyumbani, ndoa inapoyumba kuna shangazi, kuna wasimamizi, kuna mzee wa kanisa atakayebisha hodi jioni bila taarifa. Kule ugenini watakuwa wawili, pamoja na baridi na zamu za kazi zinazopishana. Hakuna fomu itakayowauliza nani aliamka usiku kumtazama mtoto mwenye homa, au nani alimpashia mwenzake chakula alipotoka zamu amechoka. Uaminifu wa siku kwa siku haugongwi muhuri, lakini ndio utakaoishikilia nyumba yao. Na utakuwa mwepesi zaidi kwa watu ambao hawana miezi wanayoogopa kuitaja.

Abramu hakujifunza kwa siku moja. Katika Mwanzo 20, huko Gerari, alirudia maelezo yale yale, na hapo ndipo tunasikia kwamba alikuwa amepatana na mkewe waseme hivyo kila mahali watakapokwenda. Hofu ilikuwa imegeuka desturi. Hata hivyo Mungu hakuwaacha. Alimlinda Sarai mara zote mbili, na ahadi ikatimia kupitia wote wawili, si mume peke yake.

Juma hili, kaa na mwenzako, au ndugu, au rafiki mliyepatana naye zamani kisha mkanyamaza. Usianze kwa kujieleza. Anza kwa kumwuliza: "Siku zile zilikuwaje kwako?" Kisha msikilize hadi amalize. Kama anayekuhusu yuko mbali, mpigie simu. Swali hilo linavuka mipaka yote bila viza.

Bwana akupe ujasiri wa kusema kweli, na moyo usiodai. Amina.