MOYO WA JIWE
(Ezekieli 36:26)



Nabii Ezekieli aliwaahidi watu ya kwamba Mungu atawaondolea moyo wa jiwe na kuwapa moyo wa nyama. Tukisoma neno hili twadhani mwenye moyo wa jiwe hutambulikana mara moja. Sivyo. Twendeni Tendaguru, kilima kilicho bara ya Lindi, tukaone.

Huko imo ardhini mifupa ya wanyama wakubwa mno wa kale, nayo ni mawe. Tangu mwaka 1909 hata 1913 Wadachi waliajiri mamia ya wenyeji kuichimba; msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi, ambao wengi wao hatuyajui majina yao, wakaichukua kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hata bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Jumla yake ilipita tani 200.

Mfupa hugeukaje jiwe? Si kwa siku moja. Mnyama hufa, akafunikwa na tope. Maji ya ardhini, yenye chokaa na madini mengine yaliyoyeyuka, hupenya katika vitundu vya mfupa, tone kwa tone, na kuyaacha madini humo. Kilichooza hutoka, jiwe huingia mahali pake. Wala umbo halipotei. Hata vishimo vidogo vya mishipa vyaonekana. Ukiutazama wasema, Ni mfupa. Ukiuinua ndipo wajua, kwa uzito wake.

Ndivyo ugumu unavyotuingia, hasa sisi tufundishao. Kengele hupigwa, Katekisimo husemwa kwa ghibu, Meza ya Bwana huandaliwa. Mwaka mmoja mama mjane alinijia alfajiri kunipasha habari ya kufa kwa mwanawe. Nami, kabla sijampa pole, nikafungua daftari nitazame kama ametoa sadaka yake ya mwaka. Sikumkemea, wala sikumfukuza. Nilifuata taratibu tu. Nalo ndilo linitishalo: saa ile sikujua ya kuwa kuna kitu kimenitoka.

Jiwe haliwezi kujigeuza nyama. Tendaguru hakuna mfupa hata mmoja uliorudia hali yake. Kwa sababu hiyo, katika ahadi ile, atoaye na atiaye ni Mungu mwenyewe.

Siku ya tatu nilikwenda kwake kuomba radhi. Akanitandikia mkeka, akasema, "Karibu, mwalimu, keti." Maneno niliyoyatengeneza njiani yakanipotea, nikalia, naye akaniletea maji.